Kwa kalenda ya nani?

Katika juma la Mswahili siku ya tano huja mara mbili. Hesabu mwenyewe: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hiyo ni ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, na Alhamisi kwa Kiarabu nayo maana yake ni "ya tano". Tunazipita tano mbili mfululizo, tunaingia Ijumaa, na hakuna anayeshtuka.

Hakuna aliyekosea hapo. Hesabu ya kwanza inaanzia kesho yake Ijumaa, kwa sababu waliotunga majina hayo waliliona juma kuwa ni safari ya kutoka swala moja ya Ijumaa hadi nyingine. Hesabu ya pili ni ya Waarabu ambao, kama Wayahudi, huanza kuhesabu kwa siku tunayoiita Jumapili. Kiswahili kilizipokea zote mbili kikazipa nafasi katika siku zilezile saba. Wareno nao huhesabu siku kwa namba, na ya tano yao ni Alhamisi. Warusi huhesabu pia, lakini wao ya tano ni Ijumaa. Kwa Wareno jambo hilo lina mkono wa dini: katika karne ya 6 Askofu Martin wa Braga aliwakemea waumini wake kwa kuzitaja siku kwa majina ya miungu ya Kirumi. Waingereza walibaki na miungu yao. Alhamisi yao mpaka leo ni siku ya Thor, mungu wa radi.

Nimeanzia kwenye juma kwa sababu nina dukuduku la siku nyingi kuhusu namna tunavyofundishana historia ya dunia. Mpwa wangu aliwahi kuulizwa kwenye mtihani: Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea mwezi gani mwaka 1917? Akajibu Novemba. Akakosa, kwa sababu jibu lililotakiwa ni Oktoba. Kijana alisononeka, maana alikuwa amesoma kweli, na alichokisoma kilikuwa sahihi. Wabolsheviki, wanamapinduzi wa Lenin, walitwaa madaraka Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati ule, tarehe 7 Novemba kwa kalenda iliyotundikwa ukutani kwetu. Kwa kalenda iliyotundikwa kwenye kuta za Petrograd siku hiyo, ilikuwa tarehe 25 Oktoba. Mwalimu na mwanafunzi wote walikuwa na haki. Kilichokosekana ni swali moja ambalo mitihani yetu hailiulizi kamwe: kwa kalenda ya nani?

Tofauti ile ya siku 13 ina hadithi ndefu, na inastahili kusimuliwa.

Mwaka 46 KK Julius Caesar aliikuta kalenda ya Roma imepotea njia. Makuhani ndio waliokuwa na mamlaka ya kuongeza siku katika mwaka, na mamlaka hayo yaligeuka silaha ya siasa: mwaka wa rafiki ulirefushwa akae madarakani, mwaka wa adui ukaachwa mfupi. Caesar, ambaye mwenyewe alikuwa kuhani mkuu, aliuvuta mwaka ule ukafika siku 445 ili miezi irudi kwenye majira yake. Baada ya hapo akaweka mwaka wa siku 365, na siku moja ya ziada kila baada ya miaka minne. Ujuzi wenyewe aliuchukua Afrika. Mtaalamu anayetajwa ni Sosigenes wa Alexandria, na Wamisri walikuwa wakihesabu mwaka wa siku 365 kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla Roma haijawa mji. Kalenda iliyomo kwenye simu yako ina ukoo wa Mto Nile.

Hesabu ya Caesar ilikuwa nzuri, ila ilizidi kidogo. Mwaka wa jua ni mfupi kuliko siku 365 na robo kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni kitu gani? Lakini ziache zijikusanye miaka 128, zimekuwa siku nzima. Kufikia karne ya 16 kalenda ilikuwa imeachana na jua kwa siku 10. Kilichomkosesha raha Papa Gregory XIII hakikuwa kilimo wala biashara. Kilikuwa Pasaka. Kanisa, likifuata msimamo wa tangu Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, husherehekea Pasaka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa majira ya kuchipua, na majira hayo huhesabiwa kuanzia 21 Machi, siku ambayo usiku na mchana hulingana. Sasa usiku na mchana vilikuwa vinalingana tarehe 11. Sikukuu kubwa kuliko zote za Wakristo ilikuwa inateleza kuelekea kiangazi cha Ulaya.

Februari 1582 Papa akatoa amri. Siku iliyofuata tarehe 4 Oktoba 1582 iliitwa 15 Oktoba. Miaka inayotimiza karne nayo ikawekewa sharti: haiwi mirefu, yaani haipati ile siku ya ziada, isipokuwa igawanyike kwa 400. Ndiyo maana 1900 haukuwa na tarehe 29 Februari, na 2000 ulikuwa nayo.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika kisa hiki. Tarehe 4 Oktoba ilikuwa Alhamisi, na tarehe 15 ilikuwa Ijumaa. Siku 10 za kalenda zilifutwa kwa wino, lakini juma halikuguswa. Papa aliyethubutu kuuondolea mwaka siku 10 hakuthubutu kuiondoa Jumapili moja mahali pake. Waingereza walipokubali kalenda hiyo baada ya miaka 170 walifanya vilevile: Jumatano ya 2 Septemba 1752 ikafuatwa na Alhamisi ya 14 Septemba.

Kwa nini miaka 170? Kwa sababu amri ilitoka Roma, na nchi za Kiprotestanti zilikuwa radhi kutofautiana na jua kuliko kukubaliana na Papa. Hispania, Ureno na Poland zilitii mara moja. Sweden ilijaribu kupunguza siku polepole, ikachanganyikiwa, ikalazimika kurudi nyuma, na kwa hiyo Februari ya mwaka 1712 huko Sweden ilikuwa na siku 30. William Shakespeare na Miguel de Cervantes hutajwa kwamba walifariki tarehe 23 Aprili 1616, na watu hulisimulia hilo kama muujiza wa waandishi wawili kuondoka pamoja. Hawakuondoka pamoja. Mmoja alikufa Hispania yenye kalenda mpya, mwingine Uingereza yenye kalenda ya zamani, na kati ya mazishi yao kulikuwa na siku 10 hivi. Urusi ya Kiorthodoksi ilishikilia kalenda ya Caesar hadi Lenin alipoamuru kwamba baada ya tarehe 31 Januari 1918 ifuate 14 Februari. Serikali ikahama, Kanisa likabaki. Ndiyo maana Krismasi ya Warusi huangukia tarehe 7 Januari kwa hesabu yetu, ilhali wao huihesabu kuwa ni 25 Desemba yao ileile.

Kwa hiyo unapomwambia mtoto akariri tarehe, unamkabidhi kitu kilichopita mikononi mwa makuhani, wafalme, wanajimu na wanamapinduzi. Hata neno lenyewe linatuambia. Tarehe ni neno la Kiarabu, na huko kwao neno hilohilo moja hubeba maana ya tarehe na maana ya historia.

Nilisema Papa hakuligusa juma. Wapo waliojaribu. Ufaransa, baada ya mapinduzi yake, ilitangaza mwaka 1793 kalenda isiyo na harufu ya Kanisa: miezi 12 ya siku 30, kila mwezi umegawanywa makumi matatu, na siku 5 au 6 za nyongeza mwisho wa mwaka. Jumapili ikafa kisheria, mapumziko yakawa siku ya kumi. Wakulima na vibarua waliokuwa wakipumzika siku moja katika saba wakajikuta wanapumzika moja katika kumi, na kanisa lao limefungwa. Kalenda ile haikufikisha hata miaka 13; Napoleon aliizika tarehe 1 Januari 1806.

Muungano wa Kisovieti ulijaribu tena mwaka 1929 kwa juma la siku tano. Wafanyakazi waligawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake na siku yake ya kupumzika, ili mashine za viwandani zisisimame hata siku moja. Mume akiwa rangi moja na mke nyingine, hawakuonana mezani siku ya mapumziko. Juma la siku tano likabadilishwa kuwa la siku sita mwaka 1931, na mwaka 1940 juma la siku saba likarudi. Dola lililoweza kuhamisha mamilioni ya watu lilishindwa kuihamisha Jumapili.

Sasa linganisha na pwani yetu. Wahenga wa pwani ya Afrika Mashariki nao walikuwa na hesabu ya makumi. Mwaka wa Nairuzi, uliotokana na mwaka mpya wa Waajemi, uligawanywa katika miongo, na mwongo mmoja ulikuwa siku 10. Miongo 36 hufanya siku 360, zikabaki 5 za kufunga mwaka. Ni hesabu ileile ya Wamisri wa kale na ya wanamapinduzi wa Paris: 360 na 5. Leo redio ikisema "muongo mmoja uliopita" tunaelewa miaka 10, lakini nahodha wa zamani alikuwa anahesabu siku.

Kwa nini mwongo wa nahodha uliishi karne nyingi na kumi la Mfaransa likafa utotoni? Jibu langu ni kwamba mwongo haukumpokonya mtu kitu. Haukugombana na Ijumaa. Ulikuja kufanya kazi ambayo kalenda ya ibada haikuwa ikiifanya, kwa sababu mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na miezi yake huzunguka majira yote. Ukimwambia mkulima apande Rajabu, mwaka huu atapanda kwenye mvua, na baada ya miaka kadhaa atapanda kwenye jua kali. Ukimwambia nahodha atweke tanga Shaabani, atakutana na kaskazi mara moja na kusi mara nyingine. Kwa hiyo watu wa pwani walishika kalenda mbili kwa mikono miwili: ya mwezi kwa kufunga na kuswali, ya jua kwa kupanda na kusafiri. Baadaye ikaja ya tatu, ya miladi, kwa barua za serikali. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaukaribisha mwaka wa Nairuzi kila Julai kwa Mwaka Kogwa, kwa kupigana kwa vikonyo vya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Karne ya 19 siku hiyo iliangukia Agosti. Imesogea kwa sababu hesabu ya Nairuzi haikuwa na mwaka mrefu. Kila miaka minne iliachana na kalenda ya serikali kwa siku moja.

Hata kalenda ya ibada hatukuichukua kama ilivyokuja. Mwaka wa Kiislamu unaanza na Muharram. Mswahili wa pwani anauita Muharram Mfunguo Nne. Kwake hesabu inaanza pale Ramadhani inapofunguliwa: Shawwal ni Mfunguo Mosi, na Maulidi husomwa Mfunguo Sita. Baada ya Mfunguo Tisa huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani kwa majina yao ya heshima. Kwa ufahamu wangu huu ni ubunifu mkubwa wa kitamaduni usiotajwa vitabuni mwetu: watu walipokea dini nzima na miezi yake yote, kisha wakaipanga hesabu kwa kuuzunguka mwezi waliouonea uzito kuliko mingine.

Na miezi hiyo ni miezi kweli. Neno letu "mwezi" ni la kinachoandama angani na pia la siku 30 za kwenye mshahara, lakini Januari haina uhusiano wowote na mwezi wa angani. Kalenda ya hijria, yaani ya Kiislamu, imeukataa utengano huo kwa makusudi. Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi na kuichezea. Qurani, katika Sura At-Tawba aya ya 36 na 37, imeipiga marufuku na kuthibitisha miezi 12 bila nyongeza. Matokeo yake ni kwamba Ramadhani hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka, na katika miaka 33 huwa imezunguka majira yote. Mtu wa nchi ya baridi na mtu wa jangwani, wakijaliwa umri, wote hufunga siku ndefu na siku fupi. Mwaka 2030 wa miladi utakuwa na miandamo miwili ya Ramadhani, mmoja Januari na mwingine mwishoni mwa Desemba.

Najua mtu atanikumbusha ugomvi wa Idi, kwamba mtaa mmoja unakula pilau leo na wa pili kesho. Sioni kwamba huo ni ushahidi wa ujinga, kama wengine wanavyopenda kusema. Kama mwezi ukionekana Makka unawahusu watu wa Mombasa na Ujiji, au kila upande una mwandamo wake, ni suala ambalo wanazuoni wameshalijadili kwa karne nyingi kabla ya simu na televisheni. Ugomvi wa Pasaka kati ya Wakatoliki na Waorthodoksi ni wa aina hiyohiyo, na haujaisha tangu 1582.

Kuna jingine linaloniuma zaidi: saa zetu. Naona siku hizi mtoto anafundishwa kwamba saa moja asubuhi ni "saa ya mtaani" na saa saba ya Kizungu ndiyo "saa halisi". Hakuna saa iliyo halisi kuliko nyingine. Karibu na ikweta jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu saa tangu mapambazuko ni akili ya mahali; Waethiopia wanahesabu hivyohivyo. Kuanza siku jua linapotua, hata usiku unaoingia Alhamisi jioni ukaitwa usiku wa Ijumaa, ni desturi ya Waislamu na ya Wayahudi. Anayeianza siku usiku wa manane anamfuata Mrumi.

Fungua Injili. Inaeleza kwamba Yesu alipokuwa msalabani giza liliifunika nchi tangu saa sita hadi saa tisa. Msomaji wa Kiingereza anahitaji maelezo pembeni ya ukurasa ili ajue ilikuwa adhuhuri hadi alasiri. Bibi kijijini asiyejua kusoma, akisomewa kwa Kiswahili, anaelewa palepale, kwa sababu saa yake ni saa ya watu walioandika habari hiyo. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, waliochelewa kabisa waliajiriwa saa kumi na moja. Kwa Kiingereza maneno hayo yamegeuka msemo wa dakika za mwisho ambao wengi hawajui ulikotoka. Kwetu bado ni saa kumi na moja ya jioni, jua linakwenda kutua, na mtu anachukuliwa kazi imebaki saa moja.

Imebaki namba ya mwaka wenyewe. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa miladi ni mtawa Dionysius Exiguus, mwaka 525, naye alikuwa anatengeneza jedwali la Pasaka. Majedwali ya wakati wake yalihesabu miaka tangu utawala wa kaisari Diocletian, aliyewatesa Wakristo vibaya. Dionysius hakutaka jina la mtesaji lidumu kwenye hesabu ya sikukuu, akahesabu tangu kuzaliwa kwa Kristo. Wanahistoria wengi wanaona alikosea kwa miaka michache, kwa kuwa Mfalme Herode, ambaye Injili ya Mathayo inasema Yesu alizaliwa zamani zake, anadhaniwa kufariki mwaka 4 KK. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, walichagua njia nyingine. Wao wanahesabu mpaka leo tangu mwaka 284, mwaka Diocletian aliposhika kiti, na wanauita mwanzo wa Enzi ya Mashahidi. Mmoja alifuta mwaka wa dhalimu ili asikumbukwe. Wengine waliushika ili wasisahauliwe waliouawa. Nimefikiri sana juu ya hao wawili na bado siwezi kusema nani aliheshimu wafu zaidi.

Waislamu nao walikuwa na nafasi ya kuchagua. Inasimuliwa kwamba katika ukhalifa wa Omar bin Khattab barua zilifika zina mwezi lakini hazina mwaka, masahaba wakashauriana pa kuanzia. Walikuwapo waliopendekeza kuzaliwa kwa Mtume au kufariki kwake. Wakachagua hijra ya mwaka 622, yaani safari ya watu waliofukuzwa kwao wakaenda kujenga mji. Wangeweza kuanza na ushindi wa vita, wakaanza na uhamisho. Hilo nalo ni somo zima la historia, na mwanafunzi wetu anapewa namba tu.

Ethiopia, yenye miezi 13, ipo nyuma ya miladi kwa miaka 7 au 8, na ilisherehekea mwaka 2000 Septemba 2007. Krismasi yao, Genna, huwa 7 Januari, na kanuni yao ya mwaka mrefu ni kama ile ya Caesar. Mwaka 2100 hautakuwa na tarehe 29 Februari kwa kalenda ya Gregory, ila utakuwa nayo kwa kalenda ya Caesar. Pengo la siku 13 litakuwa 14, na Krismasi inayofuata huko Moscow itaangukia 8 Januari ya kwetu, na Genna nayo itasogea siku moja. Watoto wanaozaliwa leo baadhi yao watakuwa hai. Bila shaka watasoma mahali fulani kwamba Waorthodoksi wamebadilisha tarehe ya sikukuu yao, ilhali waumini wenyewe watakuwa kanisani siku ileile waliyohesabu baba zao.